Jina Lililokuwa Linafuata

Wadogo zangu wa biro, ofisi yetu ya Mfuko, mwezi uliopita nilirudisha funguo za kabati la chuma, kofia ya pikipiki na muhuri wenye mpini uliopasuka. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkaniomba niandike yale niliyojifunza. Shefu wenu wa sasa alisema kurasa mbili zinatosha, ziwe na vichwa vya habari. Hizi si mbili, na vichwa hazina. Akitaka, ataviweka mwenyewe, ndiyo kazi anayoipenda.

Kuhusu vyeo sina la kusema. Niliingia kama mpiga chapa, nikatoka nikiitwa msimamizi wa miradi, na katika majina yote mawili nilikaa kwenye kiti kilekile kilichokosa mguu mmoja. Nitaandika juu ya kazi.

Kwa asiyeijua, Mfuko wetu ulianzishwa kusaidia sherehe za vijiji na vikundi vya sanaa katika teritwari ya Fizi, wilaya yetu ya kando ya ziwa: ngoma, kwaya, maigizo, wafuma vikapu, vyama vya akina mama. Kikundi kinaleta dosiye, yaani faili la maombi, sisi tunakwenda kukiona, tunaandika maoni, wakubwa wa mjini wanakubali au wanakataa. Mara moja kwa mwaka vilivyokubaliwa vinakutana Baraka kwenye tamasha la siku tatu. Hiyo ndiyo kazi. Ukiisoma hivi unaona haiwezi kumuumiza mtu.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino kirefu. Aliyenipokea alikuwa Papa Wilondja, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki akawa mkuu wa biro yetu ya Baraka. Aliniangalia miguu kwa muda mrefu kama anayesahihisha imla.

“Mama Zawadi,” akasema, “hibi biatu bitaenda na we mupaka Swima, ao bitakungojea hapa ku biro?”

Vilibaki biro. Nilipanda nyuma ya pikipiki na kandambili za mlinzi. Nilikuwa nimebeba dosiye ya kikundi cha kijiji cha Swima kifuani, nimeisoma mara mbili, nimepigia mistari kila palipokosa sahihi. Papa Wilondja aliichukua akaitia katika mfuko wake wa plastiki na hakuitoa siku nzima.

“Karatasi haiimbake, mama. Tusikie kwanza. Tutasoma nyuma.”

Hilo ndilo somo lake la kwanza. Mengine yalikuja kidogo kidogo. Andika kwa penseli, kwa sababu wino na mvua ya huku havipatani. Usikubali kiti cha plastiki wanachokuwekea mbele peke yako. Kaa walipokaa wao. Sombe ya majani ya mihogo utakayopewa ule, hata kama umeshiba, lakini ule baada ya kusikiliza, maana aliyeshiba husifu kila kitu. Na kama mwenyekiti wa kikundi anaongea zaidi ya waimbaji, funga daftari.

Tuliwahi kwenda Kazimia kwa mtumbwi wa injini kuangalia kikundi chenye dosiye safi kuliko zote, yenye picha na mihuri mitatu. Tulipofika mwaloni tulimwona mwenyekiti akikimbia nyumba kwa nyumba kuwakusanya shemeji zake. Waliimba wimbo mmoja tu, tena wa kanisa. Papa Wilondja alipiga makofi kwa adabu, tukapanda mtumbwi tukarudi. Safari nyingine alikuta wazee watatu wafuma vikapu wasiojua kuandika. Akakaa nao mchana kutwa akawaandikia dosiye kwa maneno yao wenyewe. Mjini walilalamika kwamba lugha ya dosiye ile haikuwa ya kitaalamu. Akawajibu kwamba vikapu vilikuwa vya kitaalamu.

Hawakumsamehe. Mkataba wake ulipokwisha waliandika barua ya mistari mitatu kwamba hautaendelea. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza kama chai imebaki. Hakuna mtu wa mjini aliyekuja kumuaga.

Baada yake akaja mkuu mwingine, tukamwita Shefu. Simtaji jina, na hakuna haja. Hakuwa mtu mbaya. Nasisitiza hilo kwa sababu vijana hudhani madhara huletwa na watu wabaya. Alikuwa na kompyuta nzuri, alitusalimia kila asubuhi, na aliogopa barua kutoka juu kuliko alivyoogopa risasi. Alileta fomu mpya yenye safu moja ambayo haikuwapo zamani: “Ujumbe.” Kila sanaa sasa ilitakiwa kuwa na ujumbe. Kwaya ziliimba juu ya vyandarua. Waigizaji waliokuwa wakichekesha soko zima waliigiza kunawa mikono. Kuna mpiga ngoma alikuja kuniuliza kwa heshima kabisa ngoma yake iseme nini. Nikamwambia aandike “mshikamano”. Akapita.

Nilikuwa hodari wa kujaza safu ile. Msidhani nilikuwa nalia pembeni.

Sasa nifike Swima, kwa akina mama wale wale wa siku yangu ya kwanza. Kikundi chao kilikuwa cha matanga. Anapokufa mtu wanaitwa, wanakaa duara chini, na Mama Feza, kiongozi wao, anaanza kuita majina ya wafu wa kijiji, kuanzia wa zamani mpaka wa karibuni. Kila jina likiitwa wengine wanaitikia, “Alikuwa wetu.” Hakuna ngoma, wanapiga mapaja kwa viganja tu. Katika majina yale kuna waliozama ziwani, waliokufa kwa kipindupindu, na wengi, wengi sana, waliouawa vitani, wengine wa ukoo mmoja wakifuatana kama shanga. Ninyi mmekulia huku, mnajua kwa nini orodha ni ndefu. Papa Wilondja aliwaombea msaada miaka yote aliyokuwapo, akaandika katika maoni neno moja tu: “Kumbukumbu.”

Mwaka mmoja, wakati wa Shefu yule wa fomu, Mama Feza alinipokea akiwa na jambo. Katika duara alikaa mwanamke nisiyemfahamu, mwembamba, mwenye kitambaa cha buluu. Jina lake Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi. Alikuwa analima kwa kibarua katika mashamba ya mihogo ya hapo na kulala kwa familia moja ya Swima. Alikuwa amevuka ziwa usiku na watoto watatu. Mtumbwi ulijaa maji, akafika na wawili. Wa tatu, Nestori, hakuonekana tena. Hana kaburi upande ule wala upande huu.

“Alituomba,” Mama Feza akaniambia, “mutoto wake na yeye aitwe. Tulizungumuza, tulizungumuza. Bengine balisema hapana, ule mutoto si wa hapa. Mi nikabauliza: maji yenye yalimukamata, ni ya wapi? Si ni yetu? Basi, balikubali.”

“Mtamwita lini?”

“Ku Baraka. Mbele ya bantu bote. Basikie na yeye ni wetu.”

Jueni uzito wa jambo hilo. Kijiji kilichozika watu wengi namna ile kinafungua orodha yake kwa mtoto wa mgeni. Vikao vingapi vya amani tumefanya kwenye mahema, na chupa za maji mezani, bila kufikia hapo? Mimi nilijua nimeona kitu. Nilirudi Baraka nikaandika kurasa tatu.

Shefu alizisoma. Akavua miwani.

“Mama Zawadi, haya majina. Waliouawa na nani?”

“Hawataji na nani, Shefu. Wanataja waliokufa tu.”

“Watu watajaza wenyewe. Watakuja wakubwa, watakuja wafadhili, watakuja askari. Majina ni siasa. Wabakize wimbo, majina watoe.”

“Wimbo ni majina.”

“Basi waweke neno lingine. Wewe unajua kuwapangia.”

Nilijua, ndiyo. Siku mbili nilifikiri, na jibu nililolipata nililiona la akili sana. Nikapanda pikipiki mpaka Swima, nikawaeleza kwamba pale penye jina waite “Amani”. Tuni ile ile, viganja vile vile.

Kisha Mama Feza akajaribu, kwa sauti ndogo, kama anayeonja chumvi.

“Amani.”

“Alikuwa wetu,” wakaitikia.

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kibaya. Amani alikuwa wetu! Hata mimi nilisikia. Lakini fomu haina safu ya kusikia.

“Na mutoto wa Esperansi?” Mama Feza akauliza.

“Mwaka kesho, mama. Mwaka huu tupite kwanza. Mwaka kesho nitazungumza nao.”

Aliniangalia bila hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. “We mwenyewe unaamini ile unasema?”

Nikasema naamini. Esperansi aliendelea kumenya mihogo.

Siku ya tamasha jua lilikuwa kali. Uwanja wa mpira ulijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na hema la wageni wa heshima, bango kubwa, spika mbili ndefu na kijana wa sono, mwendesha vyombo vya sauti, aliyeletwa kutoka Uvira. Akina mama wa Swima walivaa fulana za njano tulizowapa juu ya vitenge vyao. Wakakaa duara katikati ya uwanja, na mikro ikawekwa chini mbele ya Mama Feza.

“Amani.”

“Alikuwa wetu.”

Mara tatu hivi. Wageni wakatikisa vichwa, mpiga picha akapiga picha. Kisha Mama Feza akanyoosha mgongo, akaita jina la mtu.

Naliandika kama lilivyokuwa. Uwanja wote ule, wauza maandazi, wenye pikipiki, watoto juu ya ukuta, uligeukia duara. Wa Swima waliokuwapo walijua orodha. Jina la pili, la tatu, na watu wakaanza kuitikia kutoka pembeni, wanaume pia. “Alikuwa wetu.” Mzee mmoja karibu yangu alivua kofia, na jina lililofuata likamfanya akae chini. Mama Feza hakuwa anapaza sauti. Aliita kwa kasi, kasi kuliko kawaida ya matanga, akiruka vizazi, na wakati ule sikuelewa kwa nini anakimbia.

Shefu aligeuka kwenye hema akanitafuta kwa macho. Alifanya ishara ndogo ya kidole, ya kuzungusha, kama anayewasha redio.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwa kijana wa sono. Hatua nne hizo nimezitembea mara nyingi tangu siku ile. Ningeweza kujifanya sikuona. Ningeweza kwenda chooni. Nilikwenda nikamwambia kijana, “Weka muziki.”

“Hawajamaliza, mama.”

“Weka.”

Akaweka. Gitaa la kucheza lilitoka kwenye spika zote mbili. Mwendesha sherehe akarukia mikro, akawashukuru akina mama wa Swima kwa wimbo wao mzuri wa amani, akaita kikundi cha sarakasi. Kwenye duara midomo iliendelea kidogo bila sauti. Halafu wakasimama mmoja mmoja, wakakung'uta vumbi.

Nilibaki palepale nikishika daftari. Esperansi alikuja mpaka mbele yangu. Fulana ya njano ilikuwa kubwa kwake. Alizungumza Kiswahili cha huku, polepole, ili nisikose neno.

“Mutoto wangu njo alikuwa anafuata.”

Ndipo nikaelewa ni jina gani Mama Feza alikuwa analikimbilia. Esperansi akaenda kuwafuata wenzake kwenye kamioni, lori la kuwarudisha Swima.

Jioni ile niliandika rapo, yaani ripoti: “Kikundi cha akina mama wa Swima kimeimba nyimbo za amani. Watu wengi wameguswa.” Kila neno lilikuwa la kweli. Huo ndio ufundi wa rapo, wadogo zangu, na mimi nimewafundisha wengi wenu. Miezi michache baadaye wakubwa walituma kalenda ya Mfuko. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa Mama Feza katika fulana ya njano, mdomo wazi, na chini yake maneno: “Utamaduni unaunganisha.” Mpiga picha alipata dakika ileile ya majina. Kalenda ile ilining'inia juu ya meza yangu mwaka mzima, na mimi ndiye niliyekuwa nageuza kurasa.

Mwaka uliofuata Shefu aliniambia nisilete dosiye ya Swima. “Hawafuati masharti.” Sikuileta. Sikuandika barua ya kuacha kazi pia. Nilikuwa na watoto shuleni. Mtaniambia kila mtu alikuwa na watoto shuleni. Ndiyo, na kila mtu alinyamaza, ndiyo maana kazi yetu ilikuwa na utulivu sana.

Shefu yule alipohamishwa, nilijaribu. Nilijaza fomu mimi mwenyewe, nikapata mihuri yote, nikaandika katika safu ya ujumbe neno la Papa Wilondja, “Kumbukumbu”, nikaipeleka Swima ili Mama Feza aweke sahihi tu. Alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti, samaki na ugali. Aliniuliza habari za watoto kwa majina yao. Nilipotoa karatasi akazishika, akazipanga pembe kwa pembe juu ya mapaja, akanirudishia.

“Mama Zawadi, hatuna shida na we. Lakini ile kintu si ya kupeleka kwa bantu tena.”

“Safari hii hakuna atakayewakatiza.”

“Mara ingine ulisema mwaka kesho.”

Nikaandika katika daftari kwamba kikundi hakikuonyesha nia. Kwa penseli. Ningeweza kufuta, na sikufuta.

Miaka ikapita kama inavyopita bironi, kwa tamasha na tamasha. Mengine yalikuwa mazuri, siwanyimi hilo. Niliona wafuma vikapu wakipata wanafunzi. Niliona Wabembe wa huku na Warundi wakigombea ngoma moja kwa furaha. Lakini kila kikundi kilipopanda uwanjani nilijikuta nimesimama mbali na spika. Mlikuwa mnanitania kwamba masikio yangu yanazeeka. Sikuwakatalia.

Wiki moja baada ya ninyi kuniaga nilipanda pikipiki ya kukodi kwenda Swima. Sikuwa na daftari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kwamba sasa mimi si mtu wa Mfuko, kwamba nimekuja kama mama mwenzao, kwamba nawaomba wauimbe wimbo wa majina mpaka mwisho, mara moja tu, nikae duarani nisikie.

Mama Feza amezeeka, haoni vizuri, alinitambua kwa sauti. Wanawake wanne walikuwa wamekaa naye wakipukuchua maharage. Nikakaa chini, nikapukuchua nao. Baada ya muda nikasema niliyokuja kusema. Hakuna aliyeacha kazi ya mikono.

“Uko na mufu?” Mama Feza akauliza.

“Hapana, mama. Nataka kusikia tu.”

“Hatuimbiake muntu wa kusikia tu. Zamani tuliimba. Nyinyi njo mulituachisha.”

Alisema bila ukali, kama unavyomweleza mgeni njia imepinda wapi. Nikasema nimeelewa. Nikaendelea na maharage mpaka ungo ukajaa, kwa sababu sikujua namna ya kusimama. Kisha nikauliza lile ambalo miaka yote sikuthubutu kuliuliza. Niliuliza Esperansi yuko wapi.

“Alirudia kwao. Batoto balikuwa bakubwa.”

“Na yule mtoto wake, Nestori. Mlikuja kumwita siku moja?”

Mama Feza akageuza uso kuelekea sauti yangu.

“Ile siku yenyewe. Ku kamioni, wakati wa kurudia. Tuliita bote, toka wa kwanza, mupaka tukafika ku jina yake. Dereva alisimamisha gari, alizima moteri, na yeye akaitikia.” Akachota maharage mengine akayaweka mapajani. “We ulikuwa umebaki ku Baraka, ku kazi yako.”